Pinboli Iliyozimika: Cha Kukagua Kabla ya Kulipa

Tangazo la mashine kuukuu ya pinboli huko Marekani huja na kauli moja isiyokosekana: ilikuwa ikifanya kazi mara ya mwisho ilipowashwa. Kwa kawaida muuzaji hasemi uongo. Tatizo ni kwamba mara hiyo ya mwisho inaweza kuwa miaka 20 iliyopita, na tangu hapo kabati hilo zito limekaa gereji, likipigwa na baridi kali na joto kali kwa zamu, panya wakitafuna nyaya na betri ikivuja polepole juu ya bodi. Mnunuzi mgeni husimama mbele yake na swali moja tu: inawaka? Swali hilo ndilo linalompotosha, kwa sababu kuwaka au kutowaka ni jambo dogo kuliko anavyodhani.

Kwa asiyewahi kuiona, pinboli ni meza ya mbao yenye miguu minne, iliyoinama kidogo kumwelekea mchezaji na kufunikwa kwa kioo. Gololi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 27 na uzito wa gramu 80 hivi hurushwa kwa springi hadi juu ya uwanja, kisha huteremka ikigonga nguzo, milango na vibao vinavyohesabu alama. Mchezaji ana vitufe viwili ubavuni mwa kabati. Kila kimoja huamuru kikono kilichoko upande wa chini wa uwanja kuipiga gololi irudi juu. Akiikosa, gololi huzama shimoni na zamu yake imekwisha. Nyuma ya uwanja husimama kabati dogo la juu lenye kioo kilichochorwa picha za rangi, na hapo ndipo alama huonekana.

Sehemu kubwa ya mashine hizi ilitoka mji mmoja, Chicago. Huko ndiko David Gottlieb alikotoa Baffle Ball mwaka 1931, mchezo mdogo wa kuwekwa juu ya kaunta, usio na umeme wala vikono, ambao senti moja ilitosha kuucheza katika miaka ile ya mdororo wa uchumi. Kampuni za Bally na Williams zikafuata katika mji huohuo. Vikono havikuwapo hadi 1947, Harry Mabs wa kampuni ya Gottlieb alipobuni Humpty Dumpty iliyokuwa na vikono sita. Kabla ya hapo mtu alirusha gololi na kuiachia bahati, na kwa sababu hiyo wakuu wa miji mingi waliuhesabu mchezo huu kuwa kamari. Meya Fiorello La Guardia aliupiga marufuku New York mwaka 1942, na mashine zikavunjwa kwa nyundo hadharani. Marufuku ile ilidumu hadi 1976, Roger Sharpe, mwandishi kijana, alipocheza mbele ya madiwani wa jiji na kuwaambia kabla ya kurusha gololi kwamba itapita njia ya katikati. Ikapita.

Historia hiyo inamhusu mnunuzi wa leo moja kwa moja, maana mwaka wa kutengenezwa ndio unaoamua ni kazi ya aina gani inayomsubiri. Mashine za kabla ya katikati ya miaka ya 1970 hazina kompyuta. Kumbukumbu na hesabu zote hufanywa na rilei, mota na swichi. Kuanzia 1977 hivi, viwanda vikubwa vilihamia kwenye bodi za elektroniki, na ndani ya miaka michache aina ya zamani ikakoma kutengenezwa.

Ndani ya mashine ya rilei hakuna kilichofichika. Ukifungua kabati unakuta rilei kwa makumi, kila moja ikiwa ni koili inayovuta bamba la chuma, na bamba hilo likisukuma visahani vya swichi vigusane au viachane. Kuna mota ndogo inayozungusha magurudumu ya meno. Ndiyo inayohesabu alama 50 kwa kuigutusha koili ya alama 10 mara tano. Kuna magurudumu yenye tarakimu yanayoonyesha alama za mchezaji. Mantiki yote ya mchezo iko machoni, na hitilafu yaweza kufuatiliwa kwa macho na kidole.

Kuna hitilafu moja ambayo kila fundi wa mashine hizi anaijua. Kitufe cha kuanzia kinabonyezwa, mota inaanza kunguruma, na haikomi. Mara nyingi maana yake ni kwamba gurudumu moja la tarakimu limeshindwa kurudi kwenye sifuri, au limerudi lakini swichi yake imeshika uchafu na haipitishi umeme. Mashine inasubiri taarifa isiyofika. Anayeketi kimya na kuangalia atalitambua gurudumu hilo bila kifaa chochote: ndilo linalosita huku mengine yakiwa yametulia. Kulifungua, kulifuta grisi iliyoganda kwa miaka na kulirudisha si kazi ya kumshinda mgeni. Kwa sababu hiyo mashine ya rilei ya mchezaji mmoja ndiyo mwalimu bora kwa anayeanza. Ya wachezaji wanne ina seti nne za magurudumu na rilei zaidi za kubadilishana zamu, kwa hiyo kila kosa lina mahali pengi pa kujificha.

Mashine za elektroniki zina tabia nyingine. Bodi ya kompyuta ya Bally ya mwishoni mwa miaka ya 1970 ina taa ndogo nyekundu iliyowekwa kwa ajili ya fundi. Mashine ikiwashwa, bodi hujipima hatua kwa hatua, na kila hatua ikifaulu taa hupepesa. Bodi nzima hupepesa mara 7. Ikikwama njiani, idadi ya mipepeso humwonyesha fundi aanzie wapi kutafuta, na kitabu cha maelekezo humtajia sehemu ya kushukiwa. Mtu ambaye hajawahi kugusa kompyuta anaweza kuanza uchunguzi kwa kuhesabu hadi saba tu.

Adui mkubwa wa bodi hizo ni betri. Bally walilehemu betri ya kuchajiwa juu ya bodi yenyewe ili mashine ikumbuke alama za juu baada ya kuzimwa. Williams kwa miaka mingi walitumia betri tatu ndogo za kawaida, za ukubwa wa zile za rimoti. Betri ikizeeka humwaga alkali. Alkali hula njia nyembamba za shaba, hupanda kwenye miguu ya chipu na soketi, na huacha unga wa kijani na buluu. Mnunuzi anayefungua kabati la juu na kukuta unga huo ajue kwamba kazi imeongezeka, lakini asikimbie. Betri hukatwa na kutupwa, alkali hudhoofishwa kwa siki nyeupe, bodi huoshwa na kukaushwa vizuri, kisha kila njia hupimwa. Betri mpya huwekwa mbali na bodi kwa waya mrefu, isirudie madhara yaleyale. Bodi iliyoliwa kupita kiasi nayo ina mbadala, maana karakana ndogo bado zinatengeneza bodi mpya za kuchukua nafasi ya zile za zamani.

Kwa hiyo ukaguzi wa mnunuzi unapaswa kuanza pale ambapo wengi humalizia: kwenye mbao, rangi na kioo.

Umeme wa pinboli karibu wote hurudishwa. Koili zinauzwa, rilei zinauzwa, raba, springi, transista na taa zinauzwa. Picha iliyobanduka hairudi. Kioo cha kabati la juu kimechorwa kwa rangi iliyopakwa upande wa ndani, na rangi hiyo ikipitia mabadiliko ya joto na unyevu kwa miaka hujikunja na kuanguka vipande vipande. Tochi ikimulikwa kutoka nyuma huonyesha ukweli wote kwa dakika moja. Aliyekuta rangi imeanza kubanduka asiisugue kwa kitambaa, wala asibandike gundi ya karatasi, maana itaondoka nayo. Uwanja nao utazamwe karibu na vikono na kwenye midomo ya mashimo, ambako gololi imepita mara maelfu. Rangi ikiwa imeliwa hadi mbao nyeupe kuonekana, dawa ni msanii mwenye mkono mtulivu au uwanja mpya, na uwanja mpya hupatikana kwa majina machache yanayopendwa sana. Kabati lililokaa kwenye maji huachana matabaka chini, karibu na miguu. Hilo ni bora kuliacha.

Jambo la pili ni utimilifu. Mashine chafu yenye kila kitu chake ina thamani kuliko safi iliyonyofolewa vipande. Vile vipande vya plastiki vyenye michoro, vinavyofunika swichi na taa, vilitengenezwa kwa ajili ya mashine hiyohiyo peke yake. Kikipotea kimoja kutoka kwenye mashine adimu, kukipata kunaweza kuchukua miaka. Hapa mashine zilizouzwa kwa wingi zina faida kubwa: Eight Ball ya Bally ya 1977 ilitengenezwa zaidi ya 20,000, kwa hiyo vipuri, michoro na watu wanaoijua wapo tele. Hifadhi ya mtandaoni iitwayo Internet Pinball Database ina picha na kumbukumbu za maelfu ya mashine, na kwa nyingi kati ya hizo ina pia vitabu vya maelekezo. Mnunuzi mwenye busara huingia huko kabla ya kwenda kuona bidhaa, aone kila kipande kinachostahili kuwapo.

Bei hufuata jina kuliko hali. Mashine ya rilei isiyowaka, ya jina la kawaida, hupatikana Marekani kwa dola mia chache. The Addams Family ya 1992, iliyobuniwa na Pat Lawlor na kutengenezwa 20,270, huuzwa kwa maelfu ya dola hata ikiwa imezimika. Si mashine ya kujifunzia.

Mzigo wenyewe una uzito wa kilo 100 hadi 135. Unahitaji watu wawili wenye nguvu, na kuna utaratibu wake. Gololi hutolewa kwanza, la sivyo zitaruka ndani zikivunja vioo vya taa na plastiki. Kabati la juu hulazwa au kufunguliwa, miguu huondolewa, na kila plagi inayochomolewa huwekewa alama. Nyingi hufanana, na plagi iliyorudishwa pasipo pake huweza kuunguza bodi nzima.

Ikifika nyumbani, isichomekwe. Hili ndilo gumu kuliko yote kwa mwenye hamu, na ndilo linalookoa mashine nyingi. Waya wa umeme wa mashine kongwe mara nyingi hauna njia ya ardhi, na ganda lake limekauka likapasuka; huo hubadilishwa. Sakafu ya kabati hufagiliwa, kwa sababu skrubu au sarafu iliyoanguka ikigusa mahali pabaya hutengeneza shoti. Kisha kila fyuzi hutolewa na kulinganishwa na kile kilichoandikwa kwenye kitabu.

Fyuzi ndizo zinazosimulia maisha ya mashine. Mashine hizi zilifanya kazi kwenye baa, vituo vya mabasi na kumbi za michezo, na fundi aliyeitwa usiku alitakiwa aifanye iingize sarafu kabla hajaondoka. Basi mtu hukuta fyuzi kubwa mara tatu ya inayotakiwa, au iliyoungua ikazungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Hukuta swichi iliyopindwa kwa bisibisi, waya uliounganishwa kwa kusokotwa bila lehemu. Sehemu kubwa ya ufundi wa anayeanza ni kuondoa ufundi wa waliomtangulia. Fyuzi iliyozidishwa ni hatari kuliko zote: koili ikinata, fyuzi sahihi hukatika, ile kubwa huacha koili iungue mpaka moshi utoke, na kabati ni la mbao.

Anapowasha kwa mara ya kwanza, mkono ubaki kwenye swichi. Koili inayovuta bila kuachia husikika kwa mlio mzito, na harufu hufuata upesi. Azime papo hapo. Kwenye mashine ya elektroniki sababu ya kawaida ni transista iliyokufa kwa shoti, na hapo maltimita hufanya kazi yake. Mashine ikiwa imechomolewa, koili hupimwa kwanza. Ikionyesha chini ya omu 2 hivi, yaelekea imeungua ndani. Anayebadilisha transista bila kupima koili ataiunguza transista mpya kwa sekunde moja. Dayodi ndogo iliyolehemiwa kwenye koili nayo ipimwe, kwani ndiyo inayoilinda transista dhidi ya umeme unaorudi koili inapozimwa.

Kikono dhaifu ndicho kilio cha kwanza cha kila mwenye mashine kuukuu. Koili ya kikono ina waya wa aina mbili: mnene wa kupiga kwa nguvu na mwembamba wa kukishikilia kikono juu bila kuunguza kitu. Swichi ndogo iliyoko mwisho wa safari ya kikono hufunguka kikiwa kimepanda, ikalazimisha umeme upite kwenye waya mwembamba. Swichi hiyo ikiwa chafu, kikono hupiga kinyonge. Isipofunguka, waya mnene huendelea kunywa umeme wote na koili huiva. Mara nyingi tiba ni kuisafisha na kuirekebisha swichi hiyo, kubadilisha bomba la plastiki lililoko ndani ya koili, na kuweka pistoni mpya ambayo ncha yake haijapondeka. Mafuta yasitiwe. Mabomba hayo yametengenezwa yafanye kazi yakiwa makavu. Mafuta hukusanya vumbi jeusi na baada ya muda kila kitu hunata, na dawa za kupuliza zinazolainisha vyuma huweza kushika moto penye cheche za swichi.

Usafishaji wa swichi una adabu yake pia. Zile nene za vikono na za rilei huvumilia tupa ndogo. Zile za uwanja kwenye mashine za elektroniki zimepakwa dhahabu nyembamba, na msasa ukipita mara moja dhahabu imekwisha. Hizo hupitishiwa kipande cha karatasi ngumu iliyoloweshwa spiriti, zikibanwa kwa kidole, basi.

Mgeni hukimbilia chipu kwa kuwa chipu ndizo zinazoogopesha. Mara nyingi kosa liko kwenye konekta: pini iliyopasuka lehemu chini yake, au plagi iliyobadilika rangi kuwa ya kahawia kwa joto la taa. Ukiitikisa kidogo, taa zinarudi. Kulehemu upya pini hizo na kubadilisha plagi zilizoungua humaliza matatizo mengi yanayoonekana kuwa ya kompyuta. Ujuzi huo anao fundi yeyote wa redio wa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi. Mwenye pinboli asiyejua kulehemu afadhali ajifunze kwa fundi wa namna hiyo, kwenye redio mbovu, kabla hajagusa bodi ya miaka 45.

Anayeileta mashine kutoka Marekani hadi Afrika Mashariki akumbuke kwamba ilisukwa kwa volti 120, na umeme wa nyumba za huku ni volti 230 hadi 240. Nyingi zina transfoma yenye sehemu za kuhamishia nyaya ili ikubali umeme wa aina hiyo, kwa sababu viwanda vya Chicago viliuza sana Ulaya. Kitabu cha mashine huonyesha nyaya zihamishwe vipi. Na hata mashine ikiwa imechomolewa, mkono usiingizwe haraka kwenye bodi za tarakimu zinazong'aa rangi ya machungwa: umeme wake hukaribia volti 200, na kapasita huushikilia kwa muda.

Kazi ya mwisho ndiyo yenye furaha. Raba zote hubadilishwa, taa hubadilishwa, uwanja husafishwa kwa dawa yake bila maji, kisha hupakwa nta ngumu. Gololi ya zamani hutupwa hata kama inang'aa, kwani mikwaruzo yake ndiyo iliyokula rangi. Miguu husawazishwa, na uwanja huwekwa kwenye mwinamo wake: nyuzi 6.5 kwa mashine za kisasa, pungufu kwa za kale. Gololi huanza kwenda kasi kiasi kwamba wengi hudhani ni mchezo mwingine.

Faida ya fedha isitarajiwe. Ukihesabu vipuri na muda, mashine ya jina la kawaida mara nyingi hugharimu zaidi ya bei itakayouzwa. Anayenunua anunue kwa sababu anataka kuicheza na kuijua. Na akishaifufua, aandike. Kila fyuzi aliyobadilisha na ukubwa wake, kila waya aliouhamisha, kila transista aliyoiweka na tarehe yake, yote yawekwe kwenye bahasha ndani ya kabati pamoja na mchoro wa nyaya, na vipande vya asili alivyoviondoa vibaki humohumo. Mashine hizi zimeshakaa miaka 40 na 50 na zitapita mikononi mwa wengine. Atakayeifungua baada yake asilazimike kukisia.